Turubai Upande wa Kulia: Bunia hadi Kisangani na Mama

Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kwangu kununua misumari anaishia kukaa juu ya mfuko wa saruji na kuniuliza kama ni kweli watu walimlilia mama yangu angali hai. Nimesimulia hadi sauti imekauka, na kila anayesikia anapeleka mtaani akiwa ameongeza chumvi yake. Sasa nimeandika mwenyewe. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome, mimi niendelee kupima nondo.

Ruhusa, mihuri na maswali ya vizuizini nayaruka. Hayo kila mtu wa Ituri anayajua, na hayana utamu.

Safari ilianza na macho ya mtu mwingine. Mama yangu, Rozalia, amebakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Veronika, ambaye mimi namwita mama mdogo. Anakaa Kisangani, mtaa wa Mangobo. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja. Mwaka huu tukapata habari kwamba jicho la kushoto la mama mdogo limekwisha kufa, na la kulia linaondoka polepole, wala daktari hana la kufanya. Siku ya tatu mama akaniita.

"Furaha, nataka Veronika anione mbele jicho yake ifungwe. Haiko mu simu. Anione mimi, uso kwa uso."

Ndege daktari alishaikataza kwa sababu ya kifua cha mama. Pikipiki hata sikuitaja. Lilibaki gari la marehemu mume wangu, lile la matairi makubwa lenye karia ya chuma juu. Shida ni kwamba mama hawezi kulala amekaa. Miguu inamvimba, mgongo unakataa, asubuhi anakuwa hawezi hata kushika kikombe. Ni lazima anyooke chini, kwenye godoro. Na barabara ya Kisangani ndiyo inayokuchagulia pa kulala. Kwa hiyo tulihitaji paa la kufunga ubavuni mwa gari, la kutandazwa haraka popote tutakapokwama, mama alale mkavu.

Kaka zangu waliitisha kikao cha familia kuniambia nimerukwa na akili. Nikawasikiliza hadi mwisho, nikawapikia chai. Kesho yake asubuhi nikaenda kutafuta turubai.

Bunia: maturubai matatu

La kwanza nililikuta kwenye duka moja mjini, limetoka Uganda, limekunjwa ndani ya mfuko mrefu mzuri wenye zipu. Muuzaji alilifungua kwa mkono mmoja, mikono ya aluminiamu ikajinyoosha yenyewe.

"Mama, hii njo baturisti banatumia," alisema. "Ni ya kisasa kabisa."

Niliomba ndoo ya maji nikalimwagia juu. Halikuvuja. Nilikuwa nimeshashika mkoba wangu Bosco alipolizunguka gari mara moja, akasimama. Bosco ni mtoto wa mjomba wangu, ameendesha malori njia hiyo tangu akiwa na nywele, na ndiye niliyemwomba atupeleke.

"Inafungukia wapi?" aliuliza.

"Kushoto," alisema muuzaji. "Njo vile waliitengeneza."

"Uganda banapita kushoto, siye tunapita kulia. Tukisimama pembeni ya njia, hii itafungukia mu katikati ya barabara. Mama Rozalia atalala chini ya makamyo."

Muuzaji alijaribu kuligeuza. Mikono ikatazama juu kama mtu anayeombewa. Tukamshukuru tukaondoka.

La pili lilikuwa plastiki nyeupe, nyepesi, rahisi kupata, kila kona ya Bunia ipo. Nililipeleka nyumbani kumwonyesha mama. Hakulishika. Alisema, "Nililala chini ya ile miaka mbili, pale mu kambi ya bakimbizi. Sitaki tena." Nikalitoa uani siku hiyohiyo, na aibu ilinikaa kifuani kwamba sikulifikiria hilo mwenyewe.

La tatu halikuwapo bado. Karibu na maegesho ya malori yuko mshonaji wa maturubai, Baba Ramazani, mtu mfupi mwenye sindano ndefu kama kidole. Alilipima gari kwa kamba, halafu akatandika mkeka kwenye sakafu ya kibanda chake, akamwomba mama alale na anyooshe mikono.

"Bashi inapimwa na mutu," alisema, "haipimwe na motokari." Bashi ndilo jina la turubai kwetu.

Alishona kwa kitambaa kizito cha kijani cha malori, la kufungukia kulia, na ukuta mmoja wa pembeni kwa ajili ya upepo. Nguzo mbili nilikata mwenyewe kutoka mabomba ya maji ya dukani kwangu. Lilipofika suala la kamba tukagombana. Yeye alitaka za njano. Mimi nilikuwa na nailoni nyeusi dukani, ninaijua, inavuta lori.

"Nyeusi haionekane, mama."

"Haikatike, Baba Ramazani."

Alinitazama, akachukua nyeusi, akashona. Ubishi huo ni wangu peke yangu, simsingizii mtu.

Tulifanya mazoezi uani siku nne. Mwishoni mimi na Bosco tulikuwa tunalitandaza kabla muhtasari wa habari wa redioni haujaisha, na majirani walikuwa wanakuja kutazama.

Kupitia Marabo na Irumu, hadi Komanda

Tulitoka alfajiri. Mama alivaa kitenge chake kipya na hakugeuka kutazama nyumba. Marabo tulisimama kwa mahindi ya kuchoma, yeye akala parachichi zima kwa chumvi na kumwambia Bosco apunguze mashimo, kana kwamba ni Bosco aliyeyachimba. Irumu tulipita bila kushuka.

Komanda tuliambiwa magari ya mbele hayaondoki tena hadi asubuhi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Tulilifungua turubai pembeni ya barabara, upande wa majani, mama akanyooka, upepo ukaleta vumbi, ukuta wa pembeni ukalizuia. Nilijisikia fundi mkubwa kwa muda wa dakika kumi hivi.

Halafu pikipiki iliyobeba watu wawili na tenga la kuku ikakata kona kutupisha, ikanasa kwenye kamba yangu nyeusi, na wote wakawa chini. Hakuna aliyeumia ila tenga. Kuku watano walikimbilia chini ya gari.

"Mama, kamba gani hii?" dereva wa pikipiki alipiga kelele. "Mutu ataiona namna gani?"

Niliomba radhi kwa magoti, maana kuku watatu walikuwa nyuma ya gurudumu. Tuliwakamata wote. Bosco hakunilaumu. Alichukua panga, akakata matawi yenye majani mabichi, akafunga moja kwenye kila kamba, na mawili makubwa kwenye nguzo za mbele. Dereva yeyote wa kwetu akiharibikiwa na gari hutupa majani barabarani ili wengine wapunguze mwendo, kwa hiyo akili yake ilienda hukohuko.

"Sasa batabona," alisema.

Nilimsifu sana.

Mambasa na Epulu, mvua

Baada ya Mambasa msitu ulifunga pande zote mbili na mvua ikatuanza. Mara ya kwanza tulipotandaza katikati ya mvua, maji yalijikusanya katikati ya turubai hadi likawa na tumbo, na tumbo hilo lilikuwa juu kabisa ya kichwa cha mama. Bosco alilisukuma kwa mti, likamwagikia yeye lote shingoni. Tukajifunza kushusha nguzo moja ya mbele chini kuliko nyingine, maji yapate pa kwenda. Kitu hicho hata Baba Ramazani hakutuambia, au alituambia nami nilikuwa nabishana.

Epulu tulinunua asali ya msituni kwenye chupa iliyozibwa kwa jani. Mama aliilamba kwa kidole, akasema Veronika alikuwa mwizi wa asali utotoni na aliwahi kuumwa na nyuki kwenye ulimi. Alicheka hadi akakohoa. Halafu akauliza, kwa mara ya pili siku ile, "Bado siku ngapi?"

Nilimjibu siku tatu. Sikujua. Nilisema tatu kwa sababu nilikuwa nimeamua ziwe tatu.

Baada ya Nia-Nia: kilio

Siku mbili kati ya hizo tatu zilikwisha palepale baada ya Nia-Nia, kwenye shimo la tope lililomeza malori mawili ubavu kwa ubavu. Nyuma yao foleni, na nyuma ya foleni sisi. Hakuna mtandao wa simu. Tulitandaza turubai karibu na kijiji kidogo, Bosco akafunga majani yake mapya, mengi zaidi, kwa sababu pikipiki zilikuwa zinapenya pembeni kila saa.

Siku ya pili mchana mama alikula ndizi na sombe, majani ya mihogo, akalala. Kulikuwa na wale nyuki wadogo wa msituni wanaoingia machoni na puani, kwa hiyo nilimfunika shuka nyeupe kuanzia miguu hadi juu ya kichwa, nikakaa pembeni yake na shavu mkononi, nimechoka.

Mwanamke mmoja mchuuzi, mwenye kilemba cha bluu, alitoka kwenye lori lililokwama. Alisimama akatutazama. Akamuuliza Bosco kwa sauti ya chini, kama Bosco alivyonisimulia baadaye:

"Mama munamupeleka wapi?"

"Kisangani, kwa mudogo yake, Mama Veronika wa Mangobo."

"Yule mwenye anashona nguo za masomo? Mimi nakaa palepale!" Aliweka mkono kinywani. "Pole. Pole sana."

"Aksanti," alisema Bosco, akidhani anapewa pole ya tope. "Kama unatangulia, umuambie tuko mu njia na dada yake."

Mchuuzi yule alipanda pikipiki na kuondoka, akijifuta macho.

Baadaye wanakijiji walianza kuja. Wanaume walivua kofia, wakakaa juu ya magogo bila neno. Wanawake wakaja na maji, na wawili wakatua kuni mbele yangu. Mimi, mfanyabiashara, nilifikiri wanauza.

"Aksanti, bamama. Kuni ni bei gani?"

Walinitazama kana kwamba nimewatukana. Mmoja alisema taratibu, kama unavyosema na mgonjwa, "Mama, kuni ya vile haiuzwe."

Nikafikiri labda ni za kanisa. Nikashukuru tena. Wakakaa. Watu wakazidi, thelathini, arobaini, na bado hakuna aliyeniuliza chochote, kwa sababu mtu wa adabu haulizi, anakaa kwanza. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaupokea, polepole, kwa sauti nzuri mno. Kwaya, nilijisemea. Wanafanya mazoezi kwenye kivuli chetu, na hiyo ni heshima.

Ubeti wa pili ulipofika, sauti nyingine ikajiunga kutoka chini ya shuka.

Mama yangu aliimba kwenye kwaya miaka thelathini, sauti ya pili, na hawezi kusikia wimbo ule akanyamaza. Aliimba akiwa amelala vilevile, amefunikwa. Kwa pumzi moja kila mtu aliendelea kuimba pamoja naye. Kisha mtu akapiga yowe, magogo yakapinduka, ndoo ikamwagika, wanawake wakakimbia hadi nyuma ya nyumba ya kwanza. Mama akakaa, akafunua uso.

"Banakimbia nini?" aliniuliza. "Niliimba mubaya?"

Aliyebaki ni kapita peke yake, mkubwa wa kijiji, mwanamume mwembamba aliyekuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mama," aliniambia, "gari iko na majani. Bashi imetandikwa. Mutu amefunikwa shuka. Weye unakaa pembeni na mukono mu shavu. Tungefikiri nini?"

Nikageuka nikaliangalia turubai langu. Majani kwenye nguzo zote mbili, majani kwenye kila kamba, kama kila gari linaloleta maiti nyumbani ambalo nimelipisha barabarani maisha yangu yote. Nililichagua mwenyewe, nikalipima, nikaligombania, na sikuliona. Bosco alianza kucheka. Mama akacheka zaidi yake. Na mimi nikacheka, hadi nikamkumbuka yule mwanamke wa kilemba cha bluu.

"Bosco. Ulimuambia nini yule mama?"

Akahesabu maneno yake kichwani. "Umuambie tuko mu njia na dada yake," alirudia polepole.

Mama naye alielewa. Hakulia. Alisema tu, "Veronika atalia mpaka ile jicho moya iishe." Kisha akaanza kuvaa viatu.

Nilimweleza kapita kila kitu: jicho, dada, miaka, habari iliyotutangulia kwa pikipiki. Alivaa kofia yake, akaita. Wale waliokimbia wakarudi, kwanza wakamgusa mama mkono, halafu wakaonyesha njia ya baiskeli nyuma ya mashamba yao ya mihogo. Walikata vichaka, wakatandika miti kwenye kijito, wakalisukuma gari kwa mabega hadi upande wa pili wa tope. Zile kuni hawakuzichukua. Walipikia chakula wakatulisha kabla hatujaondoka, na mama akawaimbia ubeti uliobaki.

Bafwasende, na simu

Tuliendesha. Sikutaka kusimama hata kwa maji. Usiku mama alisema miguu inamwaka, nikamwambia avumilie kidogo. Alinigusa bega.

"Furaha. Nikifika maiti ya kweli, utamuambia nini?"

Tulisimama karibu na Bafwasende. Nilipasua kilemba changu cha njano vipande nane, tukafunga kwenye kamba badala ya majani. Mama alinyooka. Mimi sikupata usingizi, lakini nililala chini kwa sababu aliniamuru.

Kesho yake, tukiikaribia Kisangani, simu ilipata mtandao. Nilimpigia mama mdogo, mama akaninyang'anya simu. Aliyepokea ni mjukuu wa mama mdogo, msichana mkubwa tu.

"Allo? Ni mimi, Rozalia," alisema mama. "Nipatie Veronika."

Tulisikia mlio wa mtu, kisha kitu kikaanguka, kisha kimya. Nilipiga tena mara sita. Simu ilikuwa imezimwa. Bosco aliongeza mwendo bila kuambiwa.

Kisangani

Mangobo tuliingia saa tano asubuhi. Nyumba hatukuhitaji kuiuliza. Viti vya plastiki vilikuwa vinashushwa kutoka kwenye mkokoteni, sufuria kubwa ziko motoni, turubai la kukodi limefungwa kutoka ukutani hadi kwenye mti wa jirani, na kwenye mdomo wa njia wamesimika makuti mawili, alama ya msiba. Yule wa kilemba cha bluu ndiye aliyekuwa anapanga viti. Alipotuona aliketi kwenye kimojawapo, polepole.

Nilitaka kumshika mama mkono. Aliukataa. Alishuka mwenyewe, akashika ukingo wa mlango mpaka miguu ikakubali, akatembea katikati ya watu. Wengine walirudi nyuma, wengine walipiga ishara ya msalaba. Kilio kilikatika mstari kwa mstari alipokuwa akipita.

Mama mdogo alikuwa chini, kwenye mkeka, amefungwa kitambaa kichwani. Nilimwona amekonda. Uso wake ulielekea mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Juu ya nini munanyamaza?" aliuliza. "Gari imefika? Dada yangu amefika?"

Mama alikuwa mbele yake kabisa, hatua mbili, kwenye mwanga wa mchana, na yeye hakumwona. Niliwaza tope, siku mbili zile, majani. Niliwaza kamba zangu nyeusi.

Mama alishuka magotini, kitu ambacho hajakifanya kwa miaka mingi, akakaa kwenye mkeka. Akachukua mikono ya mdogo wake, akaiweka kwenye mashavu yake mwenyewe. Mama mdogo alishtuka, akashika kwa nguvu, akauvuta uso ule karibu, karibu zaidi, mpaka pua zikagusana. Akainamisha kichwa pembeni ili jicho la kulia liwe mbele. Alitazama. Alitazama muda mrefu sana, jicho likizunguka kutoka paji la uso hadi kidevu na kurudi.

"Rozalia," alisema. "Umezeeka mubaya."

Mama alianza kucheka, na katikati ya kicheko akaangua kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia, hata siku tulipomzika baba.

"Aksanti Mungu," alisema. "Bado unaona."